Chungu, Sufuria na Nonstiki: Historia ya Vyombo vya Kupikia Rhonda, Nakuru

Vyombo vya kupikia vya Rhonda vina historia ndefu kuliko mtaa wenyewe. Rhonda, ambao wenyeji wengi huuita Kwa Rhonda, uko magharibi mwa jiji la Nakuru, umebanana na Kaptembwo upande mmoja na uzio wa Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru upande mwingine. Karibu nao hupita Mto Njoro, unaoteremka kutoka miinuko ya Mau, ukapita Chuo Kikuu cha Egerton na mji wa Njoro, kisha ukaishia ziwani. Kwenye kingo za mto huohuo, upande wa juu, ndiko kulikopatikana baadhi ya vyombo vya kale zaidi vinavyojulikana katika sehemu hii ya Bonde la Ufa.

Mwaka 1938 wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba Pango la Mto Njoro. Humo walikuta mabaki ya watu takriban 80 ambao miili yao ilikuwa imechomwa, na pamoja nao mabakuli ya mawe, mawe ya kusagia, michi na shanga, hata mabaki ya kibuyu. Walioviacha vitu hivyo walikuwa wafugaji walioishi bondeni yapata miaka 3000 iliyopita. Mabakuli ya namna hiyo yalipatikana pia Hyrax Hill, upande wa pili wa Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938. Wataalamu hawajaafikiana juu ya kazi yake: wapo wanaosema yalikuwa ya kusagia rangi au dawa, wapo wanaosema yaliwahi kutelekwa motoni. Lililo wazi ni kwamba yalichongwa kwa mawe ya volkeno ya bonde lenyewe. Aliyeyatumia aliweza kunyoosha kidole akaonyesha jiwe lilikotoka, jambo ambalo mpishi wa leo hawezi kulifanya kwa chombo chake hata kimoja.

Sambamba na jiwe kulikuwa na udongo, nao ndio uliotawala jiko hadi karne ya 20. Familia zilizohamia Nakuru kutoka Nyanza, Magharibi na Mlima Kenya zote zilitoka kwenye jadi ya chungu cha githeri, maharagwe au mboga za kienyeji, kilichofinyangwa mara nyingi na wanawake, kikachomwa kwa kuni uwanjani bila kupakwa rangi ya kung'arisha. Hilo la mwisho lina uzito kiafya. Huko Mexico, vyungu vinavyong'arishwa kwa rangi yenye madini ya risasi vimewasumisha watu kwa vizazi vingi, ilhali chungu cha hapa hakikupakwa kitu. Ubaya wake ulikuwa mwingine: kizito, hakivumilii safari, na kinataka moto wa kuni wa saa nyingi wenye moshi wake. Wakalenjin nao walichachusha maziwa ya mursik ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti maalumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta ndani ya mursik asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio, na chanzo chake ni uchachushaji wenyewe, si kibuyu. Wanaohubiri kwamba cha jadi hakina madhara wangefaa kuukumbuka utafiti huo.

Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, na miaka minne baadaye mahali hapo pakatangazwa kuwa mji. Maduka ya Wahindi yaliyofuata reli yaliuza chumvi, sukari, nguo, na polepole vyombo vya chuma. Pwani ilikuwa imezoea siku nyingi masufuria ya shaba, yaliyopakwa bati kwa ndani ili shaba isikutane na ndimu wala nyanya. Bati lilipochakaa, chombo kilirudishwa kwa fundi. Bara, shaba haikupata kuwa chombo cha watu wengi. Kilichoenea ni alumini. Madini hayo yalikuwa ghali mno hadi mwaka 1886, wakati Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, walipogundua namna ya kuyapata kwa nguvu za umeme. Vizazi viwili baadaye sufuria ya alumini ilikuwa imefika vijijini, na nchini Kenya kiwanda cha Kaluworks, kilichoanzia Mombasa, kikawa miongoni mwa watengenezaji wake wakubwa.

Sufuria hiyo ililifaa jiko la Rhonda kuliko chombo chochote kilichoitangulia. Mtaa ulijaa watu waliokuja mjini kutafuta kazi, na kwa wengi wao nyumba ni chumba kimoja, jiko la makaa likiwekwa mlangoni. Sufuria hupata moto upesi, hivyo makaa hayaliwi bure. Hupangwa moja ndani ya nyingine. Haina mkono wa kuvunjika. Huepuliwa kwa kitambaa au kipande cha katoni. Huvumilia mwiko wa ugali, ambao si mwiko wa mchezo, na husuguliwa kwa jivu, mchanga au waya hadi ing'ae. Mng'ao huo umekuwa heshima ya mama mwenye nyumba, ingawa kila msuguo huondoa utando mwembamba wa oksaidi unaoikinga alumini isiyeyukie kwenye chakula.

Hofu juu ya alumini ilianza kuvuma baada ya mwaka 1965, pale chumvi za alumini zilipotiwa kwenye ubongo wa sungura na kuleta vifundo vilivyofanana kidogo na vile vya ugonjwa wa Alzheimer. Miongo ya utafiti iliyofuata haikuthibitisha kwamba sufuria huleta ugonjwa huo. Sehemu ndogo sana ya alumini inayoliwa, chini ya asilimia 1, ndiyo huingia kwenye damu, na figo zenye afya huitoa. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa WHO na FAO iliweka mwaka 2011 kiwango cha kuvumilika cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Wanaohitaji kujihadhari zaidi ni wagonjwa wa figo.

Nakuru, hata hivyo, ina jambo lake la pekee: maji. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa hutoa floraidi nyingi, na visima vingi vya eneo hili hupita kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya rangi ya kahawia ni kitambulisho cha watu waliokulia hapa. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilianza mwaka 1998 kushughulika na uchujaji wa floraidi kwa mkaa wa mifupa, kazi iliyoufanya mji huu kutajwa katika vitabu vya wahandisi wa maji. Kwa sababu ya floraidi hiyo, barua ya kisayansi iliyotoka mwaka 1987 katika jarida la Nature iliwahusu watu wa Nakuru kuliko wasomaji wengi. Watafiti wawili wa Sri Lanka walidai kwamba maji yenye floraidi kidogo tu, yakichemshwa kwenye sufuria ya alumini, hunyonya alumini kwa kiasi cha kutisha. Maabara nyingine zilirudia jaribio hilo zisipate matokeo yale, na kabla mwaka haujaisha watafiti wenyewe wakasahihisha takwimu zao. Kisichohitaji maabara ni kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki palepale na kukolea, kwa hiyo githeri inayotokota nusu siku kwa maji ya kisima hubaki na floraidi yote iliyokuwa ndani ya maji hayo. Hakuna sufuria inayobadilisha hesabu hiyo.

Sufuria yenye mashaka ya kweli ni ile ya kusubu. Mafundi wa jua kali katika miji yote ya Kenya huyeyusha vyuma vikuukuu vya alumini, wakavimimina kwenye kalibu za mchanga, na kutoa masufuria mazito yanayopendwa na wapikaji wa hoteli ndogo na wa sherehe, kwa kuwa hayapindi na huhifadhi moto. Ufundi wenyewe ni wa kusifiwa. Tatizo ni kinachoingia tanuruni. Chuma chakavu hakina cheti cha kuzaliwa: pistoni za injini, fremu za madirisha, vipuri vya redio na makopo vyote huyeyuka pamoja, na ndani yake mna risasi, kadimi na aseniki. Mwaka 2014 watafiti walichapisha vipimo vya vyombo vya namna hiyo kutoka Kamerun na kukuta karibu vyote vinatoa risasi. Mwaka 2017 wakaja na vyombo 42 kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Vikichemshiwa kimiminiko kikali kidogo, mfano wa mchuzi wa nyanya, vyombo 15 vilitoa risasi kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Risasi haina kiwango salama kwa mtoto. Hudumaza akili polepole, bila homa wala upele, na ndiyo maana hakuna mzazi anayeitambua kwa macho.

Mwaka uleule wa 1938, wakati mabakuli ya mawe yakifukuliwa Njoro, kitu kingine kilizaliwa upande wa pili wa dunia. Tarehe 6 Aprili, Roy Plunkett, mkemia kijana wa kampuni ya DuPont huko New Jersey, alifungua mtungi wa gesi aliyokusudia kuitumia kwenye majokofu asione gesi ikitoka. Mtungi ulipokatwa ulikutwa na unga mweupe, mtelezi, usioyeyushwa na asidi wala kushikwa na kitu. Ulikuwa politetrafluoroethilini, au PTFE, uliosajiliwa mwaka 1945 kwa jina la Teflon. Mfaransa Marc Grégoire ndiye aliyeupeleka jikoni. Mwaka 1954, inasimuliwa kwa kuchochewa na mkewe Colette, alipata njia ya kuukwaruza uso wa alumini kwa asidi ili ushike kitu hicho kisichoshika. Mwaka 1956 wakaanzisha kampuni ya Tefal. Marekani ilipata vikaango vyake mwaka 1961.

Madhara makubwa zaidi yanayojulikana ya biashara hiyo hayakutokea jikoni. Ili kuitengeneza PTFE kiwandani ilitumika kemikali nyingine, PFOA, ambayo DuPont ilianza kuinunua kutoka kampuni ya 3M mwaka 1951 kwa ajili ya kiwanda chake karibu na Parkersburg, West Virginia. PFOA haiozi, haivunjwi na jua wala bakteria, na ikiingia mwilini hukaa miaka. Mkulima Wilbur Tennant, ambaye ng'ombe wake walikuwa wakifa kando ya kijito kilichopokea taka za kampuni hiyo, alimwendea wakili Rob Bilott, na kesi ikafunguliwa mwaka 1999. Suluhu ya kesi iliyofuata ya wakazi, mwaka 2004, ilileta uchunguzi uliohusisha watu takriban 69,000. Jopo la wanasayansi likahitimisha mwaka 2012 kwamba kunywa maji yenye PFOA kunahusiana na maradhi sita: saratani ya figo, saratani ya korodani, ugonjwa wa tezi ya shingo, vidonda vya utumbo mpana, lehemu nyingi, na shinikizo la damu la wajawazito. Watengenezaji wakubwa walikubali kuiacha kufikia mwaka 2015. Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya ni mwanachama, uliiorodhesha mwaka 2019 miongoni mwa kemikali za kukomeshwa, na mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaitaja kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu.

Hukumu hiyo ni ya kemikali ya kiwandani na maji yaliyochafuliwa. Kikaango kinapotengenezwa huokwa kwa moto mkali, na PFOA inayobaki juu yake, hata katika vile vya zamani, ilikuwa kidogo mno. Habari zinazozungushwa kwenye simu huchanganya mambo haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja, na matokeo yake ni mama anayetupa kikaango kizima na kurudi kupikia sufuria ya kusubu.

Nonstiki ilifika Nakuru kupitia rafu za supamaketi, na mji huu ndio uliozilea nyingi za Kenya. Jina la Nakumatt lilitokana na Nakuru Mattresses, na Tuskys na Naivas zote zilianzia Rongai, katika kaunti hiyohiyo. Kwa muda mrefu kikaango cha Teflon kilikuwa chombo cha nyumba zenye gesi, cha mayai na chapati za Jumapili, nacho kilitundikwa mbali na mikono ya watoto. Kilichokishusha hadi mitaa kama Rhonda ni mambo mawili: mtungi mdogo wa gesi, yaani meko, na seti za bei nafuu zinazouzwa kwa jina la granaiti. Ndani ya seti nyingi za aina hiyo hakuna jiwe. Ni alumini iliyopakwa PTFE, au utando wa kauri, kisha ikatiwa madoadoa ya kupendeza. Maandishi kwamba chombo hakina PFOA nayo hayasemi kwamba hakina PTFE. Wafugaji wa Njoro, waliobeba mabakuli ya jiwe la kweli, wangecheka.

Hatari ya kikaango chenyewe inategemea joto. PTFE hutulia hadi nyuzi 260 za Selsiasi hivi. Kupita hapo huanza kuharibika, na kuanzia nyuzi 350 hutoa moshi unaoweza kumletea mtu homa, baridi na kifua kubana kwa siku moja au mbili. Ndege wa kufugwa ndani hufa kwa moshi huo upesi kuliko mtu kuhisi lolote, kwa kuwa mapafu yao hupokea hewa kwa namna tofauti. Kukaanga kwa kawaida hufanyika kwenye nyuzi 180 hadi 200, na mafuta mengi ya kupikia huanza kufuka moshi kabla ya 260, kwa hiyo kikaango chenye mafuta hutoa onyo mapema. Kikaango kitupu hakionyi. Kikiachwa juu ya meko iliyowashwa hadi mwisho hupita kiwango hicho kwa dakika chache. Vipande vinavyobanduka na kuliwa ni kitu cha kuudhi kuliko cha kudhuru, kwani PTFE hupita tumboni ikatoka kama ilivyoingia. Lakini chombo kilichochunika kimekwisha kazi yake.

Hapa ndipo mazingira ya Rhonda yanapotofautiana na yale ya vitabu vya maelekezo. Vitabu hivyo vilimwandikia mtu mwenye jiko la kitufe. Jiko la makaa halina kitufe. Lile la ganda la bati na udongo wa kuchomwa, lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, lina kidirisha cha hewa tu, na makaa yaliyokolea hupita nyuzi 600. Hata makaa ya kubumba ambayo kampuni ya maji ya Nakuru, kupitia mradi wa NAWASSCOAL, ilianza kuyatengeneza kwa kinyesi cha binadamu kilichokaushwa na vumbi la mbao, hayapunguzwi moto kwa kitufe. Mwiko wa ugali, waya wa kusugulia na moto wa makaa ni maadui watatu wa nonstiki, na wote watatu ni wakazi wa kudumu wa jiko la mtaa huu. Kikaango cha aina hiyo juu ya makaa ni matumizi yasiyofaa, tena si kwa sababu ya saratani ya West Virginia, bali kwa sababu ya moshi wa chumba kimoja kisichopitisha hewa.

Na moshi ukitajwa, mizani inalalia upande mmoja. WHO inakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kuni, makaa, mafuta ya taa na nishati za namna hiyo, iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Gesi ya sumu ya makaa, isiyo na harufu, huua watu waliolala na jiko la makaa ndani katika miezi ya baridi ya Nakuru. Hakuna takwimu ya Teflon inayokaribia hapo. Familia iliyohama kutoka makaa hadi gesi, ikanunua kikaango cha nonstiki njiani, imepunguza hatari zake kuliko ilivyoziongeza.

Safari ya chombo haiishii jikoni. Kikaango kilichochunika huchukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu au hufika jaa la Gioto. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, mbali sana juu ya kiwango cha PTFE, kwa hiyo anayekiyeyusha ndiye anayevuta moshi ambao mpishi aliuepuka, na sufuria inayotoka kalibuni huuzwa bila yeyote kujua ilikuwa nini hapo awali. Takataka zinazosombwa na mvua huelekea Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto unaotoka, na kemikali za jamii ya PFOA zikifika humo hazina pa kwenda.

Kwa jiko la Rhonda, basi, sufuria ya alumini ya kiwandani inabaki chombo cha kufaa kwa ugali, chai na githeri. Nonstiki inafaa kwa gesi ya moto wa wastani, mwiko wa mbao na sifongo laini, na itupwe inapochunika. Sufuria ya kusubu isiyojulikana asili yake isipikiwe nyanya, ndimu wala uji wa mtoto, na isilaze chakula usiku kucha.